Msomaji Auliza: Kitabu cha Picha cha Kupwa na Kujaa

Nafundisha skuli ya maandalizi hapa Wete, watoto wa miaka 5 na 6. Nataka tutengeneze kitabu cha picha kuhusu maji kupwa na kujaa. Kiwe na kurasa ngapi, na nichunge nini kwenye picha?

Mwalimu, kurasa 16 zinatosha. Kunja karatasi 4 za A4 katikati, zipachike moja ndani ya nyengine, kisha zivike jalada la manila. Tia nambari za kurasa kwa penseli kabla ya kuchora chochote, kwani ukurasa wa 1 na wa 16 umo kwenye karatasi moja, wa 2 na wa 15 vilevile. Wengi huchora kwanza, wakipanga wanakuta maji yamekupwa kabla hayajajaa. Acha sentimita 2 kila upande wa mkunjo, la sivyo uso wa kaa utamezwa na mshono.

Mtoto asiyejua kusoma huamini picha, si maneno yaliyo chini yake. Picha ikikosea, kitabu kizima kimekosea. Chagueni pahala pamoja pwani, penye dau moja na mkoko mmoja, muvichore palepale kila ukurasa. Kinachobadilika ni maji tu. Nendeni siku za bamvua, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, maji yanapotoka mbali. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo, mtoto haioni.

Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika kidogo. Lakini usiandike "maji hujaa saa kumi": kesho yake yatachelewa kwa dakika 50 hivi, na watoto wa wavuvi watakijua kitabu kuwa hakisemi kweli. Kuhusu sababu, "mwezi huyavuta maji" yatosha kwa umri huu. Jua nalo huchangia kupwa na kujaa, ila kwa kiasi kidogo kuliko mwezi. Hilo lisubiri darasa la juu. Kuna mtoto atakayeuliza mbona bamvua la mwandamo mwezi wenyewe hauonekani. Mjibu, maana ni swali zuri mno: mwezi upo, ila upande wake wenye mwanga umelielekea jua, sisi tumeelekewa na ule wa giza.

Viumbe wahesabiwe viungo kwa macho, si kwa kukumbuka. Kaa ana miguu 10, magando mawili yakiwemo. Pweza ana minyiri 8, na mdomo wake uko chini, minyiri inapokutana, si usoni kama wengi wanavyomchora. Kila kiumbe mchoreeni kifuu cha nazi pembeni ili ukubwa wake ujulikane. Maneno yasizidi 12 kwa ukurasa.

Mwanangu wa miaka 4 namsomea vitabu vya maumbile vilivyotoka nje. Akifika kwenye majira manne, theluji na miti kupukutika, anachoka. Nifanyeje? Mzazi, Makunduchi.

Usianze na maneno. Fungua picha, uliza "kimebadilika nini?", kisha nyamaza uhesabu moja mpaka tano kimoyomoyo kabla ya kumsaidia. Wazazi wengi hujibu wenyewe mapema mno. Theluji mwambie ni ya nchi za baridi, basi. Halafu chora naye kurasa nne za kwenu, mti uleule wa hapo nje katika kila moja: kaskazi na joto lake, masika ya mvua kubwa, kipupwe na upepo wa kusi, kisha vuli. Muembe unafaa sana, kwa sababu maua na matunda yake yanaonekana kwa mbali.

Vitabu vyetu tulivyovibana kwa pini vimeshika kutu na kuchafua kurasa. Skuli yetu iko karibu na bahari, Mkoani.

Hewa ya chumvi haiachi pini. Shoneni. Kwa kitabu cha A5 kata uzi wa sentimita 55, uupitishe kwenye mshumaa. Toboa mkunjo matundu matatu: moja katikati, mawili sentimita 3 kutoka kila ncha. Ingiza sindano tundu la kati kutoka ndani, rudi ndani kwa tundu la juu, pita moja kwa moja mpaka la chini utoke, kisha rejea ndani kwa la kati. Ncha mbili za uzi zikae huku na huku za ule uzi mrefu ndipo ufunge. Zikiwa upande mmoja, mshono hulegea. Rangi tumieni za nta, kwani kalamu za maji huchuruzika kitabu kikipata unyevu. Masika yakianza, rafu isogezwe mbali na ukuta.