Ndiyo, alipofuka na bado akafanya sanaa
Dada uliyeuliza kama Benode Behari Mukherjee, mchoraji wa India, aliendelea na sanaa baada ya kupofuka: ndiyo, kweli kabisa. Alizaliwa 1904 na macho mabovu. Jicho moja halikuona, la pili liliona vya karibu tu. Hata hivyo, kufikia 1947 alishajaza kuta za Hindi Bhavana, jengo la chuo kikuu cha Santiniketan huko India, picha za watakatifu wa India ya zama za kati, akichora moja kwa moja juu ya plasta mbichi, bila mchoro wa kufuatisha. Alipofika miaka 50 na ushee, upasuaji wa mtoto wa jicho ukashindikana, giza likawa totoro. Akashika mkasi na karatasi za rangi, akikata na kubandika kwa kupapasa. Akaendelea kufundisha pia. Hata Satyajit Ray, mwongozaji maarufu wa filamu wa India, alikuwa mwanafunzi wake kabla hajapofuka! Mimi hizo za karatasi ndizo zinanigusa zaidi.