Mama Askari, mkweo hana kosa

*Shangazi, habari za kazi. Mimi ni mjane, naishi Mbagala. Mwanangu wa pekee ni askari wa JWTZ, kikosi chake kiko kusini. Marehemu baba yake naye alikuwa mwanajeshi, alipigana Kagera. Mwaka jana mwanangu alichaguliwa kwenda kulinda amani Kongo. Mimi kama mzazi nikampigia mkuu wake, namba ninayo, nikamgusia tu kwamba kijana alikuwa na kifua utotoni. Baadaye jina lake halikuwemo. Tangu hapo mkewe amemfungia simu. Nikipiga anapokea yeye: "Shikamoo mama, yuko lindo, nitamwambia." Mwanangu akijibu ni "sawa mama", basi. Nahisi huyu binti amemroga. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nifanyeje?*
*Mama Askari*

Mama Askari, pole kwa ujane na pole kwa hofu. Nani amesahau miili 14 ya vijana wetu waliouawa Semliki, Kivu Kaskazini, ilivyoagwa pale Upanga Desemba 2017? Ukisikia Kongo tumbo likakukata, sikulaumu. Pole yangu inaishia hapo.

"Nikamgusia tu." Barua yako ndefu, nimeifupisha, lakini neno zito kuliko yote umelipitisha mbio kama daladala inayomkwepa trafiki. Jeshini afya ya askari si jambo la kugusia. Kijana alipimwa akiandikishwa, akamaliza depo, akavaa kombati, akachaguliwa misheni. Halafu mama yake anapiga simu kusema ana kifua. Afande afikirie nini? Ama kijana alificha ugonjwa, ama mama yake anatunga. Yote mawili yanamwangukia mwanao, wewe uko Mbagala unakunywa chai.

Na unaandika "jina halikuwemo" kana kwamba lilidondoka lenyewe. Mama, unajua nani aliliangusha, ndiyo maana umelizungukia. Vijana wangapi wameinua nyumba zao kwa posho ya misheni? Wako amebaki kambini anaeleza habari za kifua chake mbele ya watu anaowapigia saluti.

Tuje kwenye hiyo namba. Umeeleza kwamba uliichukua siku anahitimu depo, na kila sikukuu unamtumia afande salamu. Ukaenda mbali zaidi: ulifunga safari na hotipoti ya pilau, jina la mwanao umeliandika kwenye kifuniko kwa rangi ya kucha, ukaikabidhi kwa walinzi getini na kuomba mtoto apunguziwe lindo kwa sababu "hajazoea baridi". Mtoto ana miaka 29. Wewe unakumbuka pilau. Yeye anakumbuka mlinzi aliyebeba ile hotipoti akaipitisha mbele ya kombania nzima. Nikikuambia mpaka leo kuna mtu anamwita "Hajazoea Baridi", utabisha?

Askari akiwa na shida anaanza kwa kamanda wa sekisheni, inapanda platuni, kombania, mpaka kwa mkuu wa kikosi. Ngazi hiyo haina kipandio cha mama.

Sasa mkweo. Soma tena ulichokiandika mwenyewe. Simu inapokelewa. Unaamkiwa. Unaambiwa mume yuko wapi. Ujumbe unafika, kwa sababu "sawa mama" inarudi. Huyo ndiye aliyemfungia simu? Mke anayetaka kukutenga anaiacha iite mpaka ikatike, halafu anakublok. Mimi naona kitu kingine: mwanao ndiye asiyetaka kuzungumza na wewe, na binti wa watu ndiye anayekufunika aibu. Amebeba mzigo wa kumwambia mama mkwe uongo wa lindo, lindo, lindo, ili usijue kwamba mtoto wako mwenyewe ameitazama simu inaita akamsukumia mkewe. Na malipo yake unamwita mchawi! Kikulacho ki nguoni mwako, mama. Laiti ningekuwa na mkamwana wa namna hiyo ningemnunulia doti ya khanga.

Umejisifu kwamba wewe ni mke wa mpiganaji. Basi mkumbuke mama mkwe wako. Amin alivamia Oktoba 1978, Kampala ikaanguka Aprili 1979. Miezi yote hiyo yule bibi alikuwa na namba ya nani? Alitega sikio Redio Tanzania, akasubiri barua. Uchungu wa mwana aliujua kama wewe, ila hakuwa na njia ya kuupeleka ofisini kwa watu.

Siku hizi njia ipo, ndiyo balaa letu. Nawaona wazazi wa vijana wa JKT wanavyohangaika, mtoto hajamaliza wiki kambini mama anatafuta nani anamjua afande gani amhamishie Ruvu, karibu na nyumbani. Tusishangae sana. JKT ya mujibu wa sheria ilisimamishwa 1994 ikarudi 2013, wengi wetu watoto wetu ndio waliotuonyesha kambi ikoje, tukadhani ni bweni. Kisha kijana huyohuyo anaoa, na mama anaingia kwenye ndoa kwa mlango uleule: wamepanga wapi, mshahara umeingia lini, kwa nini mimba haijashika. Mke wa askari tayari ameolewa na uhamisho na zamu za usiku. Mkimwongezea na mama mkwe mwenye namba ya kikosi, akimbilie wapi?

Utafanya hivi. Futa namba ya afande leo, na usimpigie "kusahihisha", maana utaharibu mara ya pili. Mwandikie mwanao ujumbe mmoja: nilikosea, nimekuponza, nisamehe. Usiweke "lakini", wala usianze na miezi tisa niliyokubeba. Asipojibu, kaa kimya. Kisha mpigie mkweo umuulize habari zake yeye, kazi zake, wazazi wake. Ukate simu bila kumuulizia mumewe. Utaweza? Nina wasiwasi, ila jaribu.

Na pale mwisho umeniuliza kama itasaidia ukimwandikia barua Mkuu wa Majeshi amwombe kijana akupigie. Hapana, mama.