Shangazi, nimepanda Kilimanjaro ila kileleni sijafika

Shangazi shikamoo. Mi nipo Dar, nimeanza kazi ya uhasibu mwezi uliopita. Siku ya kwanza bosi akatuzungusha, kila mtu ajitambulishe na aseme kitu kimoja ambacho ukimtazama tu huwezi kukijua. Mmoja akasema yeye ni pacha, mwingine kashawahi kutangaza mpira, zamu yangu nikasema nimepanda Kilimanjaro. Wote wakageuka, enhe, kileleni kukoje, picha iko wapi, ikabidi niseme ukweli kwamba kileleni sijafika, nilikuwa mgumu, nabeba mizigo ya wageni njia ya Machame misimu miwili nikitafuta ada. Kikawa kicheko, mpaka leo naitwa Mzee wa Nusu Mlima. Nilikosea kusema? Wiki ijayo tuna semina Morogoro na najua watauliza tena.
Nusu Mlima, Dar

Marahaba mwanangu. Kusema hukukosea, umeanzia pabaya tu. Ukimtajia mtu Kilimanjaro kichwani mwake inakuja mita 5,895 na ule ubao wa kupigia picha, kwa hiyo uliposema hujafika ikawa kama mtu katamba kala pilau kumbe kanusa. Wakati wewe unayo ambayo hata hao wenye picha hawana. Usiku mgeni akitoka kambi ya Barafu na kiongozi wake kwenda kileleni, mgumu anabaki na mahema, halafu anafungasha anateremka zake njia ya Mweka, ndo kazi ilivyo, na watu wengi hawalijui hilo.

Nina mpwa wangu kaifanya kazi hiyo, alinisimulia habari ya maji sijaisahau. Barafu iko mita 4,673 na pamoja na jina lake lote hilo maji hakuna, ya mwisho yako bonde la Karanga, basi yanabebwa kutoka huko kwenda juu, mawe na vumbi njia nzima. Anasema dumu liko kichwani, mkono mmoja ukichoka anashika na mwingine, kifuniko kinavuja kidogokidogo, matone yanateremka nyuma ya shingo na ule upepo, akifika kambini kola ya koti imekakamaa kama kadibodi. Anatua dumu, mgeni anatoka hemani anaomba maji ya moto ya kunawa uso!

Sasa na wewe misimu miwili hukosi dumu lako. Anza nalo. Au anza na mzani wa getini, mzigo wa mgumu mwisho kilo 20, na jinsi mnavyogombea begi lisilo na pembe za kuchoma shingo. Jina la mlima watalikuta katikati wakiwa wameshakaa kimya. Akitokea wa kuuliza kileleni, mwambie zamu yangu ilikuwa maji.

Hilo jina la utani lizoee tu. Mimi nimezaliwa ndani ya treni ya Reli ya Kati kabla haijafika Tabora, nikisema popote swali ni lilelile, eti napanda bure? Kazini kwangu kwa kwanza waliniita Behewa miaka sita.

Shangazi, mke wangu kila akija mgeni lazima asimulie kwamba naogopa kuku. Ni kweli naogopa. Ila mbele ya wakwe jamani?
Baba wa Kibaha

Baba pole. Jogoo akinikazia macho hata mimi napisha. Tatizo ni kwamba habari ni yako anaisema mwingine, tena naona anaikatia pale penye kicheko. Mwambie mkiwa wawili, sio wageni wakiwa sebuleni, kwamba hiyo akuachie uisimulie mwenyewe. Na ukiisimulia uanzie siku ile kuku alipokufanyia alichokufanyia, maana kwenye barua umeiruka na mimi nataka kujua.