Athanas, Athanasi, Athanasius: alipwe yupi?

Swali lenu la wiki, "Je, tuache kuwapa watoto majina ya kigeni?", limenigusa pabaya, maana marehemu baba yangu alikuwa Athanas. Ugeni wenyewe siuoni. Jina ni la Wagiriki, Athanasios, yaani asiyekufa, lakini aliyelivumisha ni Mwafrika, askofu wa Alexandria aliyefariki mwaka 373. Waganda nao wana wao, Athanasius Bazzekuketta, shahidi wa dini aliyeuawa Mei 1886 enzi za Kabaka Mwanga. Burundi ni Athanase, Urusi Afanasy, Bulgaria Atanas. Wagiriki wenyewe hulikata wakasema Thanasis, kama kaka yake Giannis Antetokounmpo wa mpira wa kikapu. Kinachodondoka hapo ni ile "a" ya mwanzo inayokanusha, kinabaki kifo kitupu! Na wala hawajali.

Sisi tulijalishwa kwa nguvu. Baba alipostaafu, cheti cha ubatizo kilisema Athanasius, cha shule Athanas, barua ya ajira Atanasi. Karani wa mafao (ofisi siitaji) akazipanga karatasi mezani, akamtazama juu ya miwani: "Mzee wangu, hawa ni watu watatu. Nimlipe yupi?"

"Mlipe mwenye njaa," baba akajibu. Foleni nzima ikaangua kicheko. Karani hakucheka. Tukaambiwa twende kwa wakili tukaape, tulete na picha za paspoti. Tukaenda, tukalipa, tukagongewa muhuri, tukarudi jua la saa saba, baba na koti lake la kanisani. Karani akasoma kiapo polepole kwa kidole, kidole kikasimama. Wakili alikuwa ameandika Athanasio.

Nilianza kuandika haya nilitetee jina, lakini nikikikumbuka kidole kile hasira zinanipanda. Basi jibu langu ni ndiyo, tuyaache, ingawa si kwa ugeni wake. Na msidhani ya asili yamesalimika: Wasukuma wenye ng' waulizeni fomu za kompyuta zinavyowafanya. Mtoto apewe jina lisiloandikika namna mbili. Wangu nimemwita Baraka.

Ila siku ya ubatizo bibi yake aligoma kabisa, ikabidi liongezwe Athanas. Nilisimama nyuma ya katekista mpaka akaweka kalamu chini.