Mume wangu kamwacha Mungu, anakimbilia kwa mwanasaikolojia

Mama Junior wa Morogoro kaniandikia barua ndefu, kwa kifupi analalamika hivi. Mumewe kila Alhamisi anaenda kwa mwanasaikolojia kuongelea alivyolelewa na baba yake mdogo, kupigwa na waya wa umeme, kulazwa stoo na magunia ya mahindi. Analipa elfu hamsini kila akienda, kwenye mkesha haonekani tena. Sasa mtoto wao wa kwanza anapata kipaimara na mume kagoma kabisa, hataki baba mdogo akae meza kuu. Mama Junior anauliza, huyu si karudi nyuma kiroho?

Mwanangu, pole. Pole imeisha, sasa tuongee.

Barua yako nimeirudia maana kuna kitu kilinikwaruza. Umeandika wamama wa kikundi cha maombi "wote wanamwombea afunguliwe na roho ya uchungu". Wote? Wamejuaje? Mwanaume kaficha habari ya stoo tangu utoto, kaja kukwambia wewe peke yako usiku taa imezimwa, wewe Jumatano ukaipeleka kikundini ikiwa bado ya moto, halafu unashangaa kahamia kulala sebuleni! Hajamkimbia Mungu huyo, kaukimbia mdomo wako.

Na kile kiwanja cha Kihonda alichoahidi baba mdogo, umekitaja mara mbili kama vile kimeponyoka tu. Ahaa. Nimeelewa hamu ya meza kuu inatokea wapi.

Hiyo habari kwamba mwenye imani haendi kwa mshauri sijui mmeitoa wapi, Luka alikuwa tabibu na Paulo alimwita mpendwa, hakumwambia aache kazi. Soma 1 Wafalme 19, Eliya kachoka mpaka anaomba afe, malaika hakumkemea wala kumhubiria, alimwambia inuka ule, akala akalala tena, akaamshwa tena akala. Mungu mwenyewe hakuwa na haraka naye. Kule kwa mshauri mumeo hafundishwi kumchukia mtu, anasimulia kidogo kidogo mpaka mwili uache kushtuka kana kwamba anapigwa leo, na mwanzoni anaweza kurudi kanuna maana yamechokonolewa. Mkesha je, umewahi kumuuliza? Mtu aliyekuwa anaamshwa kwa kipigo, kelele za spika saa nane za usiku zinaweza kumrudisha stoo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wala hayuko peke yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili kwa watoto Tanzania ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walifanyiwa ukatili wa mwili kabla ya miaka 18. Ndio hao tunaooana nao! Lakini ndoa za siku hizi vikao vya kamati miezi mitatu, sare, MC, keki ya ngazi, hakuna anayemuuliza mwenzake wewe ulilelewaje, nani alikuwa anakupiga, mkishaingia ndani ndio mnashangaa mtu anaruka mlango ukigongwa.

Mchungaji kasema asamehe, sawa, ila kusamehe na meza kuu ni vitu viwili. Anaweza akamsamehe na bado asitake kumwona anakata keki na mwanae. Na huyo mzee, aliwahi kuomba msamaha? Barua nzima hujasema.

Kamwombe radhi mumeo leo. Usimwambie "kama nilikukosea", mwambie "nilitoa siri yako nje". Kikundini waambie hiyo habari imefungwa. Alhamisi akirudi usimhoji, mtengee chakula, akitaka kuongea ataongea. Akikubali mwenyewe, mchungaji aje amsikilize kabla ya kumpa mistari. Meza kuu wapange wazazi wa mtoto, yaani nyie wawili. Ukiogopa manung'uniko ya ukoo, baba mdogo mpelekee pilau yake kwenye hotipoti.