Darizi ya mkono na ya cherehani: mambo ya kushika kwa anayeanza kazi Lamu

Darizi ua kwenye leso mpya ambayo haijaingia maji, kisha uifue. Leso itarudi, ua halitarudi, na pande zote za ua nguo itajikunja mikunjo isiyonyooshwa na pasi yoyote. Anayeanza hulaumu cherehani. Cherehani hakina kosa. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla sindano haijagusa nguo, ndiyo maana tunaanza huko.

Leso na kitenge hutoka dukani na wanga wa kiwandani. Loweka usiku mmoja, fua kwa sabuni, anika kivulini, piga pasi nguo ikiwa bado na unyevu kidogo. Kabla ya kuloweka, jaribu rangi: lowesha kipande cha bafta nyeupe, kilaze juu ya pembe ya nguo, kandamiza kwa pasi ya moto sekunde 10. Bafta ikitoka na rangi, nguo hiyo inachuja, na siku ya kufuliwa itachafua uzi mweupe na wa manjano. Nyekundu na nyeusi ndizo sumbufu zaidi. Suuza na kurudia mpaka maji yatoke meupe. Chumvi na siki, ambazo kila nyumba inaziamini, hazitoshi kuishika rangi inayochuja.

Nguo hazina tabia moja. Kikoi na bafta hutulia, ni nguo za kujifunzia. Leso ni nyepesi lakini ina utii. Dera la kitambaa laini huteleza na kuvutika ukilikata mshazari, na buibui la poliesta huyeyuka chini ya pasi kali. Nguo yoyote nyepesi inataka kitu cha kuishika kwa nyuma: bafta iliyofuliwa, iliyokatwa kubwa kuliko fremu (duara la kuwambia nguo), au karatasi ngumu isiyo na maandishi utakayoichana baada ya kazi. Gazeti usitumie, wino wake huhamia kwenye nguo na kwenye meno ya cherehani.

Mteja atakuja na dera jepesi na kukwambia, "Fundi, nitilie maua makubwa kifuani, nalitaka kabla ya Maulidi." Usikubali kwa haya. Mwambie, "Bi mkubwa, ua la kujaa kwenye nguo hii litavuta shingo chini. Nikuchoree ua lenyewe kwa mstari, nijaze majani tu." Ua lililojazwa lenye upana wa sentimita 12 lina uzito wa uzi wake pamoja na bafta ya nyuma, na dera jepesi haliubebi. Ukubwa uleule kwa mistari ya mnyororo, yaani mishono ya vitanzi vinavyoshikana, hukaa vizuri.

Kwenye leso, tazama kwanza ilivyogawanyika: pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina. Jina usiliguse; mtu huinunua leso kwa maneno yake, na mishono mitatu juu ya herufi moja inatosha kuligeuza neno. Kazi nzuri ya leso hufuata michoro iliyopo. Ukiuzungusha mstari kwenye korosho la mji au ukijaza nukta za pindo, leso inang'aa. Ukichora ua lako juu ya maua yake, jicho halijui litazame lipi.

Rangi ya uzi usiichague kwa kutazama kopo la uzi. Fungua uzi, ulaze nyuzi mbili tatu juu ya nguo, rudi hatua tatu, kisha fumba macho nusu. Uzi ukipotea, umechagua vibaya hata kama ni mzuri ukiwa dukani. Fanya hivyo nje, kwenye mwanga wa mchana. Vyumba vya ndani vya nyumba za mawe vina giza, na taa ya njano hukufanya uone buluu na kijani kama kitu kimoja. Nguo yenye rangi nyingi hutaka nyuzi chache: rangi moja ya giza ya kuzungushia, na moja au mbili zilizomo tayari ndani ya nguo.

Kuhamisha mchoro kunawashinda wengi, nako ni kazi rahisi. Chora kwenye karatasi nyembamba, geuza, toboa mistari kwa sindano kila baada ya milimita 2. Kunja kitambaa kama kifundo, kitie unga wa chaki kwa nguo ya giza au unga wa makaa kwa nguo nyeupe, usugue juu ya matundu huku karatasi imebanwa kwa pini pembe zote nne. Ondoa karatasi kwa kuinyanyua juu, usiiburute. Unganisha nukta kwa penseli yenye ncha au kwa kipande chembamba cha sabuni kikavu. Karatasi ile itatumika mara nyingi, kwa hiyo andika juu yake ni ya kazi gani.

Mkono kwanza, wiki mbili angalau, hata kama shabaha yako ni cherehani. Kwa mkono unajifunza uzi unavyolala. Nyuzi za pamba za darizi huja zimeunganishwa sita. Tenganisha, tumia mbili kwa mistari myembamba, tatu kwa kujaza. Urefu usizidi mkono kutoka ncha za vidole hadi kiwiko, kama sentimita 45. Ukiurefusha ili usitunge mara kwa mara, uzi hupita kwenye nguo mara nyingi mno, unachakaa na kufunga mafundo. Kila mishono kumi, achia sindano ining'inie, uzi ujizungushe wenyewe.

Namba za sindano huwachanganya watu. Za mkono, namba ikipanda sindano hupungua unene: namba 9 ni nyembamba kuliko namba 7, na hizo ndizo za darizi. Za cherehani ni kinyume: 90/14 ni nene kuliko 75/11, na ile 90 maana yake ni unene wa milimita 0.9.

Mishono ya kuanzia ni ya nyuma (kila mshono hurudi kuugusa uliotangulia), ya mnyororo na ya kujaza (nyuzi zinazolala sambamba kufunika umbo). Wa kujaza usizidi upana wa milimita 7 au 8 kwa uzi mmoja unaovuka. Ukizidi hapo hulegea na kunasa kwenye pete na bangili. Ua kubwa ligawe katikati, vuka mara mbili.

Kisha kiua, yaani kitundu kidogo kilichozungushiwa mshono. Wanaoshona kofia za viua hukaa barazani alasiri kwa sababu ukuta mweupe wa mbele hurudisha mwanga bila jua kali, na kiua hakishonwi gizani. Kofia ni nguo mbili zilizopandana. Chora duara la milimita 3. Lizungushe kwa mishono midogo ya kupita, mara mbili, ili nguo za juu na chini zishikane. Toboa katikati kwa shazia (sindano nene) au msumari laini, lakini usikate kwa mkasi. Hapa ndipo penye siri ya kazi yote: shazia husukuma nyuzi za nguo kando bila kuzikata, nazo zinabaki hapo kuubeba mshono, mkasi huzikata, na kiua kitafumuka siku ya kufuliwa. Sasa zungusha mshono: sindano inaingia ndani ya tundu, inatokea nje ya duara, na kila ukivuta, vuta kuelekea nje ya tundu. Ukivuta kuelekea juu tundu linajifunga. Mishono 16 hadi 20 inatosha kulizunguka. Ikipungua, nguo inaonekana katikati. Ikizidi, kiua kinavimba na kupoteza umbo. Maliza kwa kupitisha sindano chini ya mishono minne mitano upande wa nyuma, bila fundo, kwani fundo litasugua kichwa. Shona viua 50 kwenye bafta kabla ya kugusa kofia. Vya kwanza 20 vitakuwa kama vijicho vya samaki, hilo halina neno.

Fremu. Zungushia duara la ndani utepe wa bafta wenye upana wa sentimita 2, ulioshonwa mwisho wake. Mbao tupu au plastiki huteleza. Wamba nguo ikiwa imenyooka kwa uzi wake, kaza skurubu, gonga kwa kidole. Ilie kama ngoma ndogo. Ukishakaza usivute tena pembe. Nguo iliyovutwa baada ya kukazwa hukaa vizuri ndani ya fremu, na ukiifungua duara lako linageuka yai. Usilaze kazi ndani ya fremu usiku. Alama ya duara huganda, hasa kwenye nguo laini.

Cherehani cha mguu kinatosha kabisa kujifunzia, na umeme ukikatika hakijali. Kabla ya darizi kifungue, safisha vumbi la nyuzi kwenye nyumba ya bobini (kigurudumu cha uzi wa chini), tia tone moja la mafuta ya cherehani kila penye tundu lake, kisha shona kipande cha takataka mpaka mafuta yasitoke. Mafuta ya kupikia yasikaribie hapo, nazi wala mengine, hugeuka gundi.

Darizi huru, ambayo wewe ndiye unayeisogeza nguo kwa mkono, inataka meno ya cherehani yasiivute nguo. Vyerehani vingine vina kitufe cha kuyateremsha. Kama chako hakina, funika meno kwa bamba jembamba lenye tundu la sindano. Toa mguu wa kukandamiza au weka ule wa kutilia viraka wenye springi. Sindano 80/12 kwa leso, 90/14 kwa kikoi. Mfereji mrefu wa sindano uelekee upande unaoingizia uzi, la sivyo cherehani kitaruka mishono. Juu tumia uzi wa darizi namba 40, chini uzi mwembamba zaidi, namba 60. Hapa tena namba kubwa ni nyembamba.

Pima bobini hivi: shika ncha ya uzi, achia kesi ya bobini (kikombe kinachoishika) ining'inie. Isishuke yenyewe. Ukitikisa mkono kidogo ishuke sentimita chache na kusimama. Ikiporomoka, kaza skurubu yake kwa robo ya mzunguko au chini ya hapo. Ikigoma, legeza vivyo hivyo. Halafu uzi wa juu ulegeze kidogo kuliko wa kushonea nguo. Kipimo kiko nyuma ya kazi: kwenye mshono wa kujaza, uzi wa chini uonekane katikati tu, kama theluthi ya upana, na rangi ya juu ipande pande zote mbili. Uzi wa chini ukitokeza juu, wa juu umebanwa mno.

Fremu ya cherehani huwekwa kinyume na ya mkono: nguo ilale chini kabisa, igusane na meza, na duara liwe juu yake. Ingiza fremu, teremsha wenzo wa mguu wa kukandamiza hata kama mguu wenyewe umeutoa. Wengi hawaliamini hili mpaka litakapowapata: wenzo ukiwa juu, uzi wa juu haubanwi na chochote, na baada ya mishono mitano chini kuna fungu la uzi kama kiota cha ndege. Kanyaga mara moja, vuta uzi wa chini ujitokeze juu ya nguo, shika zote mbili, shona mishono mitatu papo hapo, kata mikia.

Siku tatu za kwanza usitie uzi. Weka karatasi ya daftari yenye mistari, fuata mstari kwa sindano tupu. Hapo utaona tatizo lako liko mguuni au mkononi. Matundu yakisongamana, mkono unachelewa. Yakiachana zaidi ya milimita 2, unakimbia. Urefu wa mshono hauwekwi na cherehani tena, unawekwa nawe. Mguu uende sawa, usiukimbize, na gurudumu lisirudi nyuma hata nusu mzunguko, maana uzi hukatika papo hapo. Shika fremu kwa pande, vidole viwe mbali na sindano angalau sentimita 3.

Uzi ukikatika kila dakika, badili sindano kwanza, kisha angalia njia ya uzi, kisha uzi wenyewe. Kopo lililokaa dirishani mwa duka juani huoza bila kuonyesha. Vuta kipande cha uzi, kikikatika kirahisi lirudishe kopo. Sindano huisha makali baada ya saa 8 hivi za kushona, na ukisikia inagonga "tap, tap" kwenye nguo usingoje saa zitimie.

Mashine ya zigizaga yenye kisukumio cha goti inajaza kwa kasi zaidi, ila goti linahitaji mwezi wake. Ya kompyuta iache kwanza. Atakayekuandalia mchoro akijua kazi, atakuuliza ni nguo gani na ataacha milimita 0.4 kati ya uzi na uzi. Ukibana zaidi kwenye leso utapata ubao. Kwa makadirio, mishono 1,000 hula kama mita 5 za uzi wa juu, na kwa hesabu hiyo utajua bei ya uzi kabla ya kutaja bei ya kazi.

Zari kwa cherehani ni mtihani: sindano 90/14, mwendo wa pole, uzi wa juu umelegezwa sana. Kwa joho au kanzu ni bora uilaze kwa mkono, zari juu ya nguo, na uzi mwembamba wa rangi yake uifunge kila milimita 5. Mwisho wake uingize nyuma kwa shazia, usiukate juu.

Kazi ikiisha, chana karatasi ukishika mishono kwa kidole gumba, usiivute kwa nguvu. Piga pasi ikiwa imelala kifudifudi juu ya taulo nene, ili darizi izame kwenye taulo isibapane. Alama za penseli ziishe kwa maji kabla ya pasi, zingine joto huzigandisha moja kwa moja. Unyevu wa bahari hutia kutu sindano iliyoachwa kwenye nguo usiku mmoja tu, na doa lake halitoki kirahisi. Zichomeke zote kwenye kimto cha sufi, funika cherehani, dirisha la upande wa bahari lifungwe. Nguo yenye zari usiikunje, izungushe kwenye bomba la karatasi, zari ikiwa upande wa nje.