Karatasi Kwanza, Fremu Baadaye: Kuandaa Picha kwa Siku ya Kufungua Studio

Mpigapicha akishatangaza kwamba Jumamosi studio yake itakuwa wazi kwa wageni, mara nyingi hukimbilia kwa fundi fremu. Ushauri wangu ni kinyume: fremu zije mwisho, tena ziwe chache. Mgeni wa studio anataka kusogea karibu, kuuliza, kushika karatasi na kuigeuza aone nyuma kumeandikwa nini. Capital Art Studio ya Unguja, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, imejulikana miaka mingi kwa nakala za picha za Zanzibar ya zamani ambazo mtu anaingia, anachagua na kuondoka nazo. Picha inayoshikika huuza kuliko iliyofungiwa nyuma ya kioo. Kwa hiyo pesa zako ziende kwenye karatasi, wino na taa.

Anza na vipimo. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000. Kwa nukta 300 kwa inchi, hiyo ni takriban inchi 20 kwa 13, yaani A3 inaenea bila wasiwasi. Tatizo ni umbo: A3 ni sentimita 42 kwa 29.7, na picha ya kamera ni ndefu kidogo kuliko hapo, hivyo usipotoa maelekezo duka litakata pembeni. Agiza picha ya sentimita 36 kwa 24 iwekwe katikati ya A3. Utabaki na ukingo mweupe wa karibu sentimita 3 pande zote, na huo ndio utakaoshikwa na vidole vya wageni.

Sasa rangi, na hapa ningependa ukae muda mrefu kuliko penginepo. Skrini nyingi zimewekewa mwanga mkali mno, ndiyo maana picha iliyokuwa inang'aa kwenye kompyuta hutoka na giza ikisafishwa. Punguza mwanga wa skrini kwanza, kisha ndipo urekebishe picha. Halafu pima kwenye ngozi. Mashine nyingi za dukani hurekebisha picha zenyewe: zikiona kanzu nyeupe imetawala, hutia giza kila kitu, na uso wa bwana harusi mweusi unapotea macho na mashavu. Mwambie mhudumu azime marekebisho hayo, usimwonee haya. Kabla ya kusafisha picha nzima, panga vipande vya uso uleule kwenye karatasi moja ya A4, kila kimoja na mwanga tofauti kidogo, ukitumia karatasi ya aina ileile utakayotumia mwishoni. Beba vipande hivyo ukavitazame palepale zitakapotundikwa, chini ya taa zilezile. Kama kivuli cha chini ya kidevu bado kina umbile na paji la uso halijawa kama limepakwa unga, hicho ndicho kipande chako.

Karatasi isiyong'aa ni tamu kwa picha za mchana, za ufukweni, za wazee wamekaa barazani, na haisumbui kwa mng'ao wa dirisha. Lakini weusi wake si mzito, kwa hiyo picha za usiku hupoa. Hizo zipeleke kwenye lasta, karatasi yenye mng'ao wa kadiri. Glosi kali, yaani karatasi inayong'aa sana, mimi siiweki mezani kabisa, kwa sababu kila kidole huacha alama.

Pwani yetu ina unyevu, na unyevu hauna huruma na picha. Nakala ya wino iache ikauke siku nzima kabla ya kuitia nyuma ya kioo, la sivyo mvuke wake utatia ukungu kiooni. Tena picha isigusane na kioo. Msimu wa masika hunata, na kuibandua ni kuichana. Mwombe fundi akate kadi nene yenye dirisha katikati, ikae kati ya picha na kioo. Picha ishikiliwe kwa vikona vya karatasi. Selotepu huacha madoa ya njano ambayo hayatoki.

Ukutani weka chache, katikati ya kila picha iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Zilizobaki ziwe kwenye sanduku juu ya meza safi, kila moja ndani ya mfuko wa plastiki angavu. Usifiche vile vipande vya majaribio. Viweke pembeni ya picha iliyokamilika, kwa kuwa mgeni akiona tofauti ya mwanga kati ya kipande na kipande, huelewa mwenyewe kwa nini bei si ya picha ya pasipoti. Balbu zisome kwenye boksi: 6500 K (K ni Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga) hufanya ngozi ionekane ya kibuluu, tafuta kati ya 3000 na 4000.

Bei iandikwe, pamoja na mahali na mwaka wa picha. Aliyepigwa picha awe ameridhia kuuzwa kwa sura yake, na nakala yake aipate kabla ya mnunuzi yeyote. Kama unaweka kikomo cha nakala, andika 3/15, yaani ya tatu kati ya kumi na tano, kwa penseli ukingoni, na nakala ya kumi na sita isiwepo milele. Kwenye lasta penseli haishiki, andika nyuma.

Wengi wataondoka kwa bodaboda. Andaa mapema kadibodi ngumu zilizozidi karatasi kwa sentimita mbili kila upande, uibane picha katikati, uifunge kwa plastiki dhidi ya mvua, na utie kikaratasi kifupi: isiguse kioo, isitundikwe panapopigwa na jua.